Sinema za zamani: kwa nini picha ilianza na watu wembamba warefu, halafu ikatanuka?

#1 MtuWaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ana kisa anachokirudia kila tukikaa barazani. Mwishoni mwa miaka ya sitini walienda kuangalia picha la Kihindi hapa Tanga mjini. Taa zikazimwa, mkanda ukaanza, watu wote ndani warefu, wembamba, nyuso zimebanwa, hata magurudumu ya gari yamekuwa mayai yaliyosimama wima. Ukumbi mzima miluzi na kugonga viti. Picha ikapotea kidogo, iliporudi imetanuka ukuta mzima na kila mtu ana umbo lake. Mzee anasema "opereta alisahau skopu", ukimuuliza skopu ni nini, anakwambia ndiyo hiyo hiyo. Mimi nahisi mkanda ulivutika kwa joto. Wajuzi, kilitokea nini?

#2 MzeeWaKaboni
Salaam. Mkanda ukipata joto hauvutiki, unaungua. Unaona doa la kahawia linaanzia katikati ya skrini na kula kwenda pembeni, na harufu inakufikia pale pale kwenye mashine. Baba yako yuko sahihi.

Iko hivi. Mkanda wa sinema una upana wa milimita 35 na projekta zote zilitengenezwa kwa kipimo hicho. Walipotaka picha pana hawakuupanua mkanda, waliibana picha. Kamera ilifungwa lenzi inayobana upana mara mbili, kimo kikaachwa kilivyo. Ukiushika mkanda wenyewe ukauelekeza kwenye taa, unamwona stelingi kakondeana. Kwenye projekta sasa, mbele ya lenzi ya kawaida unafunga lenzi ya pili, kazi yake kutanua kile kilichobanwa. Hiyo ndiyo skopu.

Balaa ni kwamba treila na matangazo mengi hayakubanwa. Unaanza bila skopu, halafu picha yenyewe ikiingia unafunga skopu, unabadilisha kibati cha dirisha la mashine, unavuta pazia za pembeni. Na mashine ziko mbili, maana rili moja ni kama dakika ishirini, ikikaribia kwisha ya pili inachukua. Ukiitengeneza ya kwanza ukaisahau ya pili, watu wanatulia dakika ishirini, halafu wembamba wanaingia katikati ya wimbo. Hapo ndipo viti vinapogongwa.

#3 JichoLaSumni
Mimi niliona kinyume chake. Tangazo la sabuni, mwanamke mpana kama mlango, tukadhani ndiyo kazi ya ile sabuni.

#4 MzeeWaKaboni
Opereta huyo alisahau kuitoa skopu.

#5 Chuo_Kata
Niwape historia kwa kifupi. Skrini pana ni jambo la Wamarekani, 1953, na sababu yake ni televisheni. Watu walianza kukaa nyumbani, kampuni ya 20th Century-Fox ikabuni CinemaScope, ndiyo hiyo skopu, ili mwenye televisheni aone kwamba kuna kitu anakikosa. Imeisha hiyo.

#6 Darubini
Haijaisha, mkuu. Fox hawakubuni, walifuata kitu kilichokuwepo. Mwenye lenzi ni Henri Chrétien, Mfaransa, tena mtu wa mambo ya nyota. Aliiita Hypergonar, na ilikuwepo tangu miaka ya 1920. Huyu ndiye Chrétien wa muundo wa darubini unaoitwa Ritchey–Chrétien, ambao hata Hubble iliyoko angani imejengwa kwa muundo huo. Studio zilimpuuza miaka ishirini na zaidi, mpaka Desemba 1952 mkuu wa Fox, Spyros Skouras, akamfuata kwao Ufaransa. Picha ya kwanza ya CinemaScope, The Robe, ikafunguliwa ukumbi wa Roxy, New York, Septemba 1953.

Na mawazo ya upana yalitangulia hata hapo. 1927 Abel Gance alionyesha Napoléon ambayo sehemu yake inachukua skrini tatu kwa pamoja. 1929 na 1930 Fox hao hao walijaribu mkanda wa milimita 70 wakauita Grandeur. Ulikufa haraka. Wenye kumbi walikuwa wametoka kununua mitambo ya sauti juzi tu, uchumi umeporomoka, unawaambia wanunue projekta mpya tena? Kwa hiyo televisheni haikuzaa kitu, labda iliamsha kilicholala.

#7 Chuo_Kata
Kuamsha na kuzaa tofauti yake ni nini mbele ya biashara? Bila televisheni lenzi ya huyo Mfaransa ingebaki kabatini.

#8 DadaWaMakadara
Niingilie hapo. Marekani watu walikuwa wakienda sinema kwa mamilioni, 1946 inatajwa takriban tiketi milioni 90 kwa wiki. Baada ya hapo idadi ikaanza kushuka, na miaka ile ya mwanzo nyumba zenye televisheni zilikuwa chache mno. Waliotoka vitani walioa, wakapata watoto wadogo, wakahamia vitongoji vya mbali na kumbi kubwa za mjini. Ukiwa na kachanga na nyumba iko maili kadhaa, sinema unaisikia tu.

Halafu kuna la mahakama. 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya Paramount na studio nyingine, na matokeo yake studio zikalazimika kuachana na kumbi zao. Kabla ya hapo unatengeneza picha na kuionyesha kwenye ukumbi wako mwenyewe, nzuri mbaya itapata viti. Baada ya hapo unambembeleza mwenye ukumbi. Mimi naona upana ulikuwa mahari ya kumposa mwenye ukumbi kuliko silaha ya kupigana na televisheni.

#9 Chuo_Kata
Mahari aliyolipa mwenye ukumbi mwenyewe, maana skrini na lenzi alinunua yeye. Hoja yako inachechemea, dada.

#10 BintiVoi
Nyote mmesahau simba wetu. Mwaka mmoja kabla ya hiyo The Robe, Novemba 1952, Wamarekani walikuwa na kichaa cha sinema za miwani, ile picha inayokurukia. Iliyoanzisha kichaa hicho ni Bwana Devil, na hadithi yake ni ya simba wala watu wa Tsavo waliosumbua ujenzi wa reli mwaka 1898. Waliitangaza kwa ahadi ya simba mapajani mwako! Watu wa Los Angeles wakavaa miwani kukimbia simba wa kwetu. CinemaScope ilipokuja ilijinadi kuwa ni ajabu ya kuangaliwa bila miwani. Kwa hiyo adui wa karibu hakuwa televisheni peke yake, ilikuwa pia ile miwani ya karatasi inayoumiza kichwa.

#11 JichoLaSumni
Simba wa Tsavo walipwe mirabaha yao.

#12 LeedsBaridiTupu
Wakuu, mnaiongelea CinemaScope kama ndiyo iliyoanza, mnairuka Cinerama, ile ya mashine tatu na skrini iliyopinda. 30 Septemba 1952, Broadway Theatre, New York. Hiyo ndiyo iliyowatisha Fox mpaka wakapanda ndege kumtafuta Chrétien.

Nimeiona kwa macho yangu. Hapa karibu, Bradford, kuna ukumbi wa Pictureville ndani ya jumba la makumbusho, ni moja ya sehemu chache mno duniani zilizobaki na mashine zake. Skrini imejipinda, kipimo chake cha asili ni nyuzi 146, ukikaa katikati viti vya mbele picha inakupita mpaka pembeni mwa jicho. Nilipoisogelea wakati wa mapumziko nikagundua si kitambaa kimoja. Ni vipande vyembamba vya wima, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama mapazia ya ofisini. Sababu ni mwanga: skrini iliyopinda hivyo ingekuwa kitambaa kizima, upande wa kulia ungemulika upande wa kushoto na picha ingefifia. Vile vipande vinautupa mwanga huo nyuma.

Mashine ni tatu, kila moja na mkanda wake wa milimita 35, na theluthi yake ya picha. Sauti iko kwenye mkanda wa nne, wa sumaku, njia saba. Spidi ni fremu 26 kwa sekunde badala ya 24. Kila fremu inachukua matundu sita ya pembeni mwa mkanda badala ya manne, kwa hiyo ni ndefu zaidi. Mkanda mmoja ukikatika na ukapoteza fremu kadhaa, huwezi kuunga tu, lazima uweke fremu nyeusi idadi ile ile, la sivyo theluthi ya kushoto itatangulia na farasi atafika kabla ya miguu yake.

Mbunifu ni Fred Waller. Wakati wa vita alitengeneza mtambo wa projekta tano wa kufundishia askari wa ndege kulenga shabaha. Na kabla ya hapo alikuwa na hataza ya mbao za kutelezea majini. Mtu wa vipaji.

#13 MtuWaNgamiani
Shukrani @MzeeWaKaboni, mzee nimemsomea, amecheka sana. @LeedsBaridiTupu, mishono ya hizo theluthi haionekani?

#14 LeedsBaridiTupu
Inaonekana. Kwenye mbingu na maji ndiyo wazi kabisa, unaona mistari miwili imesimama. Walikuwa na vijichanuo ndani ya projekta vinavyotetema pembeni mwa picha kuufifisha mshono, na wapiga picha walijitahidi kuuficha kwenye mti au nguzo. Waigizaji nao walipata taabu. Wawili wakiwa kwenye theluthi tofauti, wakitazamana kweli, kwenye skrini wanaonekana kila mmoja anaangalia lake. Iliwabidi watazame pembeni ili ionekane wanatazamana.

#15 Darubini
Na hiyo mishono ndiyo iliyoiua Cinerama. Picha za hadithi zilizopigwa kwa mtindo huo wa kamera ya mikanda mitatu ni mbili tu, zote za 1962. Kuanzia 1963 jina Cinerama likabaki kwenye mabango, mkanda wenyewe ukawa mmoja wa milimita 70.

#16 DadaWaMakadara
Mishono haikuua chochote, watu walijaza kumbi miaka kumi na mishono yao. Piga hesabu ya mishahara: vyumba vitatu vya mashine, kila kimoja na mtu wake, mtu wa sauti, na msimamizi. Na viti lazima vipunguzwe kupisha skrini.

#17 Chuo_Kata
Au waliishiwa hadithi. Cinerama ilikuwa mandhari ya kutoka kwenye ndege na bembea ya reli, utayaangalia mara ngapi?

#18 Kisauni_Mwisho
Nyinyi mwaongea ya New York na Bradford. Mimi nauliza la hapa: mbona kwenye sinema niliyokuwa nikienda utotoni, picha ikiwa ya skopu huwa NDOGO kuliko ya kawaida? Pazia la juu hushuka! Twaambiwa ni skrini pana, macho yangu yaona skrini fupi. Nikimwambia ndugu yangu aniambia naota.

#19 MzeeWaKaboni
Huoti, mwanangu. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya kusifia havilisemi.

Skopu ilivyokusudiwa, kimo kinabaki pale pale na upana unaongezeka kwenda kushoto na kulia. Picha ya zamani ni kama 1.37 kwa 1, yaani upana kwa kimo. CinemaScope ilianza na 2.55, ikashuka 2.35 walipoweka sauti ya kawaida ya mwanga pembeni mwa mkanda. Sasa ukumbi uliojengwa 1935 au 1940 una tao la jukwaa, kuta mbili na milango ya dharura. Huwezi kusukuma ukuta. Mwenye ukumbi anafanyaje? Upana anauacha, kimo anakikata. Anashusha pazia la juu, anapandisha la chini, anaandika CinemaScope kwenye bango. Umelipa shilingi ile ile, umepewa picha pungufu.

Na si kumbi tu. 1953 studio zilikuwa na picha zilizokwisha kupigwa kwa umbo la zamani. Hazikutupwa. Mwenye mashine alipewa kibati chenye dirisha fupi, kikakata juu na chini, na lenzi ya kukuza zaidi. Picha ya Shane ilitolewa hivyo. Nywele zimekatwa, buti zimekatwa, jina "skrini pana". Mimi nasema nusu ya upana wa miaka ile ulikuwa kazi ya mkasi.

#20 Chuo_Kata
Mzee, kwa heshima, hapo umeonea. Kumbi zilizojengwa baada ya 1953 zilikuwa na nafasi. Drive-In ya Msasani, Dar es Salaam, sinema ya uwanjani ya kuangalia ukiwa garini, ilifunguliwa 1966, ile haikuwa na ukuta wowote.

#21 MzeeWaKaboni
Drive-In haikuwa na ukuta, ilikuwa na mwezi. Wacha nisiendelee.

#22 PachaWaVuga
Ahsanteni, nimesoma yote. Kwetu Unguja, ukumbi wa Majestic wa Vuga ulijengwa katikati ya miaka ya 1950 baada ya ukumbi wa Royal uliokuwepo kuungua, yaani wakati ule ule wa mambo haya. Lakini mie nataka kusema juu ya sauti, maana mmeisahau. Fox walitaka kila mwenye kuonyesha CinemaScope aweke sauti ya sumaku ya njia nne, na spika za ukutani. Wenye kumbi ndogo wakagoma, huko huko Marekani, na 1954 Fox wakalegeza, mikanda ikatoka na sauti ya kawaida. Basi dunia nzima ya kumbi ndogo ikapata upana bila sauti yake. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo tulipodhulumiwa, si kwenye pazia.

#23 MzeeWaKaboni
Kweli tupu. Na kuna la matundu. Ili kupata nafasi ya zile njia nne za sumaku, walipunguza upana wa matundu ya pembeni ya mkanda. Magurudumu ya meno ya projekta yako kama ni ya zamani, meno ni manene, yanatafuna mkanda. Lazima ubadilishe magurudumu yote. Ya meno membamba yanapitisha mikanda yote miwili, ya meno manene hapana. Mkanda uliopita mikono ya mtu aliyebania magurudumu unakuja umechanika pembeni urefu wote, na wewe ndiye unayepigiwa miluzi.

#24 Mtu_wa_Pangani_Road
Wasee, Nairobi hapa: ukumbi wa 20th Century wa Mama Ngina Street ulikuja kuwa IMAX, ile ya skrini kubwa mno. Jina la wenye skopu likakalia skrini ya kisasa. Swali langu, hiyo IMAX ilikuwa mkanda wa kweli?

#25 Darubini
Hiyo ya Nairobi ilikuwa ya dijitali. IMAX ya mkanda ilianza Osaka kwenye maonyesho ya 1970: milimita 70 lakini mkanda unapita kwa ubavu, fremu moja matundu kumi na tano. Mtindo wa Todd-AO wa 1955, uliotumika kwenye picha ya Oklahoma!, mkanda wa milimita 70 unapita wima, matundu matano. Na kabla yake Paramount na mtindo wao wa VistaVision, 1954, walipitisha milimita 35 kwa ubavu, matundu manane. Hakuna kipya hapo, ni kulaza na kusimamisha.

#26 JichoLaSumni
Na lile picha la Kihindi, Sholay, je? Bango liliandikwa 70 mm herufi kubwa kuliko Amitabh.

#27 LeedsBaridiTupu
Sholay ya 1975 ilipigwa kwa milimita 35, ikakuzwa maabara London kuwa 70. Waliofanya hivyo hawakuwa peke yao, Hollywood nao walikuza sana, kwa sababu milimita 70 ilikuwa na njia sita za sauti ya sumaku. Watu walikuwa wakinunua sauti, picha ni zawadi. Na skopu ya Kihindi ilianza na Guru Dutt, Kaagaz Ke Phool, 1959. Ilianguka sokoni vibaya, ila lenzi ikabaki.

#28 PachaWaVuga
Ahaa! Si nilisema sauti?

#29 Chuo_Kata
Haya, kumbi zetu ziliuawa na nini kama si televisheni?

#30 DadaWaMakadara
Hapo umejitega. Zanzibar wana televisheni ya rangi tangu 1973 na kumbi ziliendelea kujaa. Tanzania Bara televisheni imekuja 1994, na kumbi zilishaanza kuchoka miaka ya themanini. Kama televisheni ndiyo muuaji, mbona ilifika kwenye mazishi ikiwa imechelewa?

#31 Kisauni_Mwisho
Muuaji ni video. Kibanda, deki moja, viti vya mbao, kiingilio nusu ya nusu, na mtu anakutafsiria juu.

#32 PachaWaVuga
Na fedha za kigeni. Bara ilikuwa lazima mikanda ipitie Tanzania Film Company, dola hakuna, basi mnaangalia mkanda ule ule mpaka unajua fremu zilizokatwa.

#33 MzeeWaKaboni
Majengo yalitaifishwa 1971, watu waliokuwa na moyo wa kuyatunza wengi walihama. Kaboni, zile fimbo za kuwashia taa ya mashine, zikawa za magendo. Lenzi za skopu zikaibwa, watu wakadhani ni darubini.

#34 FundiWaKeko
Samahani kuingia katikati. Hiyo "darubini" naona ninayo. Niliinunua kwa mtu wa skrepa, bomba la chuma, zito, vioo viwili vikubwa. Kijana mmoja anayepiga video za harusi anaitaka. Nitajuaje kama ni skopu?

#35 MzeeWaKaboni
Ielekeze kwenye kitu cha duara, mfano saa ya ukutani, uchungulie, kisha uizungushe taratibu mkononi. Lenzi ya kawaida hata uizungushe mara mia saa inabaki duara. Skopu, saa inakuwa yai, na yai linageuka kadiri unavyozungusha. Usisugue kioo kwa kitambaa kikavu. Kina maandishi gani kwenye ukingo?

#36 FundiWaKeko
Yai linageuka! Imeandikwa Kowa Prominar.

#37 LeedsBaridiTupu
Mjapani. Wapiga video wanazitafuta dunia nzima kuzifunga mbele ya kamera zao. Huyo kijana alikwambia atakupa ngapi?

#38 FundiWaKeko
Bei ya kreti moja ya soda.

#39 JichoLaSumni
Mwambie aongeze na simba wa Tsavo.